Mhariri, msituambie maisha yake yamekwisha

Ndugu Mhariri,

Salaam. Hii barua nimeianza mara tatu nikaiacha, leo nimeamua naimaliza hata kama itakuwa ndefu.

Mlichapa makala ya kijana wa miaka 19 aliyeanza kuugua akili akiwa bado yuko shule. Mwandishi alieleza vizuri tu jinsi alivyokuwa anaongoza darasani, jinsi alivyoanza kuongea peke yake, mama yake analia, alafu mwisho kabisa akafunga kwa kusema maisha ya huyo kijana ndo yamekwisha hivo. Nilipofika hapo nikaliweka gazeti chini. Sikukasirika, nilichoka tu, mana hayo maneno nimeyasikia nyumbani kwetu miaka mingi na najua yanavofanya kazi, yanaanza kama huruma, alafu taratibu watu wote wanayafuata kama vile yameandikwa na daktari, na hakuna daktari aliyeyaandika.

Mdogo wangu anayenifuata sasa ana miaka 39. Alianza kuugua akiwa na 16. Haikuanza kwa fujo kama watu wanavodhani, ilianza na usingizi, alikuwa halali, afu akaanza kuchelewa shule, kisha akahama dawati la mbele akakaa nyuma kabisa karibu na ukuta ili asiwe na mtu mgongoni, hilo la ukuta tulikuja kulielewa baadaye sana. Maksi zikaporomoka. Baba akasema ni ukaidi, mi nikasema ni marafiki na mambo ya kuvuta, mama akasema ni umri tu utapita. Kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Aliyekuja kumuuliza ni daktari, miaka miwili baadaye, na mdogo wangu akajibu kwa utulivu kabisa kwamba wanafunzi wenzake walikuwa wanasikia anachowaza na wanakirudia kwa sauti ili kumkomoa. Miaka miwili alikuwa anaishi na hilo jambo, na tulikuwa tunakula nae meza moja kila siku.

Dawa alipoanza zilimsaidia, naomba hili lieleweke kwanza. Sauti zilipungua ndani ya wiki kadhaa, usingizi ukarudi, siku moja akacheka na wote tukanyamaza kumsikiliza. Kwa hiyo ukiniuliza ugonjwa wenyewe ulichukua muda gani kutulia ntakwambia ni miaka miwili ya kuhangaika na miezi kama minne mitano ya matibabu. Lakini maisha yake yalianza kurudi akiwa na miaka 30. Sasa hiyo miaka mingine yote hapo katikati ilienda wapi, ndo kitu kilichonifanya niandike.

Tulipompeleka shuleni kuomba aendelee na masomo, mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupa pole, akasema jina lilishaondolewa kwenye rejista ila tusiwe na haraka, mwacheni apumzike kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na sisi tukarudi nyumbani tunamshukuru. Apumzike. Hilo neno likahamia kwetu likakaa miaka 12. Wageni wakija asiitwe sebuleni, mwacheni apumzike. Kuna harusi, asiende, atachoka. Tunakaa kupanga jambo la familia, yeye hayupo, anapumzika. Hata kufua nguo zake mwenyewe tulimkataza, eti tunamhurumia. Wenzake wakamaliza shule, wakaenda vyuo, wakaanza kazi, wakaoa, wengine wakaachika wakaoa tena, na yeye yuko kwenye kile chumba. Akafika miaka 28 hajawahi kupokea mshahara, hajui kujaza fomu, hajawahi kuwa na mchumba wala kugombana na mchumba, kila kitu ambacho mtu anajifunza kwa kukosea yeye hakupewa nafasi ya kukikosea.

Toka wakati huo nimekuwa nasoma sana haya mambo. Mimi si daktari, ila kuna vitu vinaeleweka na mtu yeyote akiamua kuvisoma. Mwaka 2021 watafiti walitoa hesabu waliyoikusanya kutoka kwenye tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, wakitaka kujua magonjwa ya akili huwa yanaanza mtu akiwa na umri gani. Kama theluthi moja ya wagonjwa walianza kabla ya miaka 14, karibu nusu kabla ya 18, na asilimia 62 na kitu kabla ya 25. Umri unaoongoza kwa watu kuanza kuugua ni miaka 14 na nusu. Yani ni mtoto wa shule.

Linganisha na presha au kiharusi, mara nyingi hayo yanamkuta mtu ameshasoma, kazi anayo, ana mke au mume wa kumsindikiza kliniki, na akiba hata kama ni ndogo. Haya mengine yanamkuta mtu hata msingi hajachimba. Kati ya miaka 14 na 25 ndo mtu anapata cheti, anajifunza kazi, anajua kugombana na rafiki na kupatana, anajifunza kupenda. Ukimtoa hapo miaka mitatu huwezi kumrudisha alipokuwa, unamkuta amesimama nyuma ya watoto waliokuwa wadogo zake, na aibu peke yake inatosha kumrudisha chumbani.

Wachumi wamewahi kuipima hasara yake. Uingereza kuna watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa ndani ya wiki moja ya Machi 1958 ambao wamefuatiliwa toka siku hiyo. Mwaka 2011 ikatoka ripoti iliyoangalia wale waliokuwa na matatizo ya akili utotoni, wamefika wapi wakiwa na miaka 50. Kipato cha familia zao kilikuwa chini kwa asilimia 28, na uwezekano wa kuwa na mwenzi wa maisha ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Waliougua magonjwa ya mwili utotoni nao waliathirika lakini kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha. Nilivosoma hivo mara ya kwanza nililia, nikaona basi mwandishi wenu na wengine wanaosema maisha yamekwisha wana haki.

Ila nikaendelea kusoma. Marekani, kwenye jimbo la Vermont, katikati ya miaka ya 1950 kulikuwa na wagonjwa 269 kwenye wodi za nyuma za hospitali ya akili ya jimbo, wodi za wale ambao hakuna aliyekuwa anategemea watoke. Wengi wana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaovuruga mawazo na kumfanya mtu asikie sauti, kwa wastani wameugua miaka 16. Wakaingizwa kwenye mpango wa kuwaandaa na kuwatoa, wakatafutiwa pa kuishi, wakasaidiwa kupata kazi, wakafuatiliwa huko huko waliko. Miaka kama 32 baadaye mtafiti anaitwa Courtenay Harding na wenzake wakawatafuta mmoja mmoja, wakakuta kati ya nusu na theluthi mbili wamepona au wamepata nafuu kubwa sana. Hiyo ilitoka mwaka 1987. Alafu wakafanya kitu ambacho ndo kilinigusa zaidi, wakachukua wagonjwa wa jimbo lingine, Maine, wanaofanana na hawa kwa umri na jinsia na ugonjwa na muda waliougua, ila Maine hawakupata mpango kama ule. Wa Vermont walikuwa mbele, kwenye kazi, kwenye kuishi na jamii, na hata dalili za ugonjwa zilikuwa kidogo kwao. Ugonjwa ni ule ule, lakini wa Vermont walikuta watu wanawasubiri nje na kitu cha kufanya.

Nikaikumbuka ile "mwacheni apumzike" nikasema Mungu wangu.

Sasa Mhariri naomba hapa unisome vizuri kwa sababu inakuhusu wewe na kazi yako. Norway, mkoa wa Rogaland, kuanzia mwaka 1997 waliamua kuwawahi vijana wanaoanza kupata saikosisi, yani ile hali ya kusikia sauti au kuamini mambo ambayo hayapo. Walifanya vitu viwili, wakaunda timu ambayo mtu yeyote anaweza kuipigia simu, mzazi, mwalimu, mgonjwa mwenyewe, afu wakatangaza, na kutangaza kwenyewe walitumia magazeti, redio, sinema, na wakaingia mashuleni kuwafundisha walimu dalili. Kwenye eneo lenye matangazo, muda wa kati ambao mgonjwa alikaa bila matibabu, yani nusu yao walikaa pungufu ya hapo na nusu zaidi, ulikuwa wiki 5. Kwenye maeneo waliyolinganisha nayo ulikuwa wiki 16. Matangazo yaliposimamishwa, huko huko Rogaland muda ukapanda tena hadi wiki 15. Wakawafuatilia wagonjwa miaka 10, na waliopona kwa maana kamili, dalili zimetulia, mtu anafanya kazi au anasoma, anajitegemea, ana watu wake, walikuwa asilimia 31 kwenye eneo lenye mpango na asilimia 15 kwa wenzao. Mara mbili!! Na sehemu ya dawa iliyofanya hivo ilikuwa ni kurasa za magazeti. Mdogo wangu alikaa wiki zaidi ya 100. Na magazeti nyumbani tulikuwa tunasoma, baba alikuwa hakosi gazeti, na hakuna siku tuliyokuta humo kwamba kijana asiyelala, anayehama dawati, anayeacha kuongea na marafiki zake wote kwa mpigo, mpelekeni akaonwe.

Na sio saikosisi peke yake. Sonona na wasiwasi uliopitiliza nako muda una maana kubwa. Kule Victoria, Australia waliwafuatilia vijana 1,943 toka sekondari hadi wakafika kwenye miaka ya mwisho ya ishirini, wakaona wale ambao walipata hali hiyo ujanani lakini haikudumu miezi 6, zaidi kidogo ya nusu hawakuipata tena ukubwani. Iliyoachwa ikaendelea ndo iliyozoea kurudi. Kwa hiyo mzazi unaposema ngoja tuone mwaka huu uishe, huo mwaka unaousubiri ndo ulikuwa wa kumsaidia.

Kuna jambo la mwili pia, huwa linasahaulika kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na watu wakisikia hivo wanafikiria kujiua tu. Kujiua kupo, na kunaumiza, lakini sehemu kubwa ya vifo hivo ni magonjwa ya kawaida, moyo, kisukari, mapafu, magonjwa ambayo yanapimika na kutibika. Baadhi ya dawa za akili zinaongeza uzito na sukari, wengi wanavuta sigara, hawatembei, alafu wakienda hospitali na kulalamika kifua wanaambiwa ni mawazo. Mdogo wangu alilalamika kiu na kukojoa sana miezi mingi, kliniki moja wakamwambia ni wasiwasi, kumbe ni sukari. Tuligundua kwa bahati, muuguzi mmoja kijana kabisa alisema tu, jamani huyu amepimwa sukari lini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Mtu asisome hapa akaacha dozi, naomba sana, kuacha ghafla bila daktari kunarudisha ugonjwa na mara nyingine kwa nguvu zaidi. Ninachosema ni kwamba anayekunywa hizo dawa apimwe uzito, presha, sukari, mara kwa mara, na akisema anaumwa tumbo basi aaminiwe kwamba anaumwa tumbo.

Turudi kwa mdogo wangu. Akiwa na miaka 30 kuna fundi seremala mmoja, mtu mzima, alikuja nyumbani kutengeneza mlango. Mdogo wangu akatoka chumbani akasimama anaangalia. Mama akataka kumrudisha ndani, yule fundi akasema mama mwache anishikie huu ubao. Akashika. Kesho yake fundi akarudi kumalizia, akamuuliza, kijana unakuja karakana au unakaa? Hakuuliza ugonjwa. Akaenda. Mwanzoni masaa mawili kwa siku, mana dawa za usiku zilikuwa zinamchelewesha kuamka, fundi akasema sawa njoo saa tano. Kuna siku alikuwa anaondoka katikati ya kazi, anasema tu fundi leo zimekuja, yani zile sauti, na fundi anamjibu haya nenda kapumzike kesho tuonane. Mnaona tofauti, kapumzike *kesho tuonane*. Sisi tulisahau hicho kipande cha pili miaka 12 yote.

Baadaye nikaja kujua kwamba yule mzee bila kusoma popote alifanya kile ambacho kule Marekani kimefanyiwa majaribio toka miaka ya 1990. Zamani mgonjwa alikuwa anapitishwa kwanza kwenye mafunzo marefu, mazoezi ya kazi, mpaka waone ameiva ndo atafutiwe kazi, na wengi walikuwa wanaishia kwenye mazoezi hayo hayo. Hawa wakageuza, anayesema nataka kazi anatafutiwa kazi ya kweli mapema, ya mshahara wa kweli, afu anasaidiwa akiwa ndani ya kazi, na anayemsaidia kwenye kazi na daktari wake wanaongea. Kwenye majaribio mengi yaliyofanywa waliopata ajira kwa njia hii ni zaidi ya nusu, kwa njia ya zamani ni kama robo. Kwa wanafunzi wanafanya vilevile, anabaki shuleni na masomo machache, mtihani anaongezewa muda, siku za kliniki hazihesabiwi utoro. Ni vitu vidogo hivo, havihitaji hata jengo jipya.

Nimeona watu wakitaka kutia moyo wanamtaja Elyn Saks, yule profesa wa sheria Marekani mwenye skizofrenia iliyomwanza akiwa mwanafunzi, na kweli ni mtu wa kupigiwa mfano, huyo aliendelea kurudi kwenye masomo yake hata baada ya kuingia na kutoka wodini, walimu na marafiki hawakumfuta. Lakini mi sitaki kijana aambiwe ama uwe profesa ama wewe umekwisha. Mdogo wangu anatengeneza milango na makabati. Mtihani wa sekondari aliufanya akiwa na miaka 34, amekaa na watoto wa miaka 17, akafaulu masomo manne, cheti amekitundika karakana juu ya meza yake. Hajaoa. Anasema anataka, na kwamba hajui aanzie wapi, na mimi sina jibu la kumpa kwa sababu hiyo ni miaka ambayo tulimfungia. Bado anakunywa dawa, bado kuna wiki mbaya moja au mbili kila mwaka, anajua zikikaribia kwa sababu usingizi unaanza kukimbia, siku hizi anatuambia mwenyewe.

Mwaka jana nilimuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, akanikatisha. Akaniambia, "Dada, mi niliumwa miaka miwili. Hiyo mingine nilikuwa nimewekwa tu, kama kiti."

Sasa kijana wenu ana miaka 19, amebakiwa na muda ambao mdogo wangu hakuupata. Naomba mwandishi arudi kwa ile familia, aulize kama jina lake bado lipo kwenye rejista ya shule, na kama lilifutwa alifuta nani na linarudishwaje. Afu amkalishe kijana mwenyewe, mana kwenye makala nzima wameongea mama, mjomba, jirani na mwalimu, yeye hakuna sehemu hata moja aliyonukuliwa. Amuulize anataka kufanya nini. Atakachojibu mkichape pale pale mlipochapa ya kwanza.

Wenu,
Dada mtu